Cheti cha Luciana

Jumapili, 9 Novemba 1975

Katika kijiji hiki kizima, toka nyumba ya katibu wa tawi mpaka ile ya mwisho kule kwenye kichuguu, hakuna karatasi iliyowahi kunishinda. Stakabadhi za ushirika, barua za vijana walioko Mpanda, cheti cha ubatizo cha Kilatini, vyote hupita mkononi mwa Clemens. Watu huja na karatasi mkono wa kulia na kuku kwapa la kushoto, wanaondoka na habari zao, kuku anabaki.

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Mbonile, Mnyakyusa anayetufundisha wazee masomo ya watu wazima. Anasema niandike kila siku nisije nikasahau herufi. Nimemwambia kwa umri wangu herufi ndizo zitakazonisahau mimi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesoma niliyoandika jana. Uongo mtupu.

Kwa mapadri nilisoma madarasa mawili na nusu. Ile nusu iliyobaki walinifukuza kwa sababu nilikuwa naigiza mwendo wa Padri akitoka kwenye mlo. Kiswahili nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Kilatini nakijua kwa masikio. Kiingereza sijui hata neno moja. Lakini mtu akiniletea karatasi ya Kiingereza siirudishi. Naishika, nakohoa, naisogeza mbali kidogo, kisha namsoma mwenye karatasi usoni. Nyuso za watu wa huku zimeandikwa Kifipa. Mara nyingi napatia.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Kristiana, mke wangu, anasema paa lina kumbukumbu kuliko mimi.

Jumanne, 18 Novemba

Leo nitaandika habari za nyumba, maana Mwalimu amesema mtu akisoma daftari langu baada ya miaka mingi lazima ajue nani ni nani.

Alois ni mwanangu wa mwisho. Mkewe ni Luciana, binti wa Cornelia wa Chala, ana miaka ishirini. Mtoto wao ni Beda. Beda alizaliwa mwaka jana mwezi wa nane, hospitali ya mjini, kwa kupasuliwa, kwa sababu alikuwa amelala tumboni mkingamo kama mlevi mlangoni. Mama akapona, mtoto akapona, na Luciana akaenda kwa mama yake Chala kunyonyesha.

Hiyo ndiyo desturi ya ukoo wetu. Mzazi anakaa kwao mpaka mtoto atembee, na si kutembea tu, bali aweze kutumwa jivu au kijiti cha moto nyumba ya pili akarudi nacho. Wakati huo mume anahangaika peke yake na anajifunza kupika ugali mbaya. Mimi nilihangaika miaka sita kwa watoto watatu, na ugali wangu mpaka leo mbwa anaunusa kwanza.

Sasa Luciana yuko hapa, si Chala. Amerudi tangu mwezi wa nne, Beda akiwa bado anatambaa. Na ana mimba ya miezi minne.

Kwa nini alirudi, nitaandika siku nyingine. Mafuta ya taa yanakwisha.

Jumatano, 19 Novemba

Mafuta yapo. Sikutaka kuandika.

Jumapili, 30 Novemba

Tumepanda mahindi. Bwana shamba anataka mistari iliyonyooka kama nyumba zetu mpya za Operesheni ya kutuhamishia vijijini. Nimemwambia mahindi hayapigi gwaride. Hakucheka. Mvua kila siku saa nane.

Beda ameachishwa ziwa kwa sababu ya mimba. Amekuwa na kichwa kikubwa na shingo kama mpini wa kata.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo amekuja nyumbani kwangu mkunga mpya wa zahanati, Atusaye, msichana wa Kinyakyusa wa Tukuyu. Watu wanamsema kwamba hajazaa naye anazalisha. Mimi nimewauliza: je, seremala wa majeneza amekufa mara ngapi?

Amenisalimu kwa adabu, akakaa kwenye kigoda, akaniomba cheti cha hospitali cha Luciana. Nikamtolea kutoka kwenye sanduku langu la bati, nikakikung'uta vumbi lisilokuwepo. Amekisoma mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee Clemens, hiki ulikisoma mwenyewe?"

Nikasema nilikisoma, tena mara mbili.

"Uliwaambia kinasemaje?"

Nikamwambia: mama amepona, ale vizuri, asibebe mizigo miezi sita, baada ya hapo arudi kwenye kazi zake.

Hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akaanza kunisomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kidole chake kikitangulia kama changu, nadhani kwa kunihurumia. Cheti kinasema Luciana asishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Kinasema mtoto atakayefuata azaliwe hospitali na si pengine popote. Kinasema mama awe ameshafika mjini wiki nne kabla ya siku zake. Hakuna neno "kazi" popote.

Nikamwuliza kwa nini miaka miwili, mbona kovu limefunga, Kristiana ameliona, limenyooka kama mstari wa bwana shamba. Akasema kovu la nje hupona kwanza na kutudanganya. La ndani, kwenye mfuko wa uzazi, linakwenda polepole. Mimba ikija mapema inalivuta kabla halijakomaa, na uchungu ukianza linaweza kuachia. Hapo mama anavuja damu kwa ndani, hakuna mtu anayeona, na mtoto anakosa pumzi. Akasema si lazima liachie, wengi wanasalimika. Luciana angengoja, pengine mara ya pili angejifungua mwenyewe bila kisu, lakini hata hiyo ingekuwa hospitali, penye watu wa kumtazama.

Mimi ni mshona vibuyu. Kibuyu kilichopasuka nakishona kwa uzi na utomvu, na kila anayekichukua namwambia: tia maji kwanza, kaa nacho, pombe inayochacha baadaye. Nilimwelewa Atusaye kabla hajamaliza.

Nikamwambia basi awaambie. Akasema amekwisha kusema. Alimwambia Luciana, Luciana akakubali. Alimwambia Alois, Alois akamjibu kwamba cheti kilisomwa na baba na hakina maneno hayo. Na Kristiana anataka mjukuu huyu azaliwe nyumbani, mikononi mwake, si kama yule wa kisu.

"Neno lako ni kubwa kuliko langu, mzee," akasema. "Basi liondoe njiani."

Nikamwomba aniachie niseme mwenyewe. Nikaahidi Krismasi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nyama ilikuwa tamu. Watu wengi. Haikuwa siku ya kuharibu.

Ijumaa, 2 Januari 1976

Nilitaka kusema jana. Alois alikuwa na furaha, ametengeneza kitanda kipya.

Jumapili, 11 Januari

Mvua siku tisa mfululizo. Katibu ametangaza kwamba kijiji kitashinda wilaya nzima kwa mahindi. Mahindi yenyewe hayajaambiwa.

Atusaye nimekutana naye kisimani. Hakuniuliza kitu. Ameniambia shikamoo tu. Shikamoo ile ilikuwa nzito kuliko ndoo yake.

Jumanne, 20 Januari

Leo niandike kwa nini Luciana alirudi.

Mwezi wa pili mpaka wa nne, majani yakiwa marefu na ardhi imelowa, ndipo sisi tunapolima intumba, matuta ya duara. Tunakata majani, tunayapindua ndani ya udongo, yanaoza humo, na mwaka unaofuata tunayasambaza na kupanda ulezi. Wafipa tunaishi kwa majani yaliyooza, wala hatuoni haya. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwaka jana tulikuwa tumehamishiwa hapa, shamba jipya, mikono haba. Kristiana mgongo ulimshika. Na pombe ya kualika watu waje kulima, nani wa kuipika? Pombe ya Kristiana watu hunywa kwa ajili ya urafiki. Ya Luciana hunywa kwa ajili ya pombe.

Kwa hiyo nilikwenda Chala na cheti mfukoni. Cornelia, mama yake, alikataa. Mtoto anatambaa, akasema, umesikia wapi. Ndipo nikakitoa cheti. Nikakohoa. Nikakisogeza mbali. Nikasoma ile miezi sita. Hata miezi yenyewe ilikuwa imeshapita minane, kwa hiyo nilionekana mtu wa kuvuta subira.

Nyumba za Operesheni zina chumba kimoja na sebule. Alois alikuwa amekula ugali wake mbaya miezi minane. Mengine hayahitaji kusimuliwa.

Jumatano, 4 Februari

Luciana akisaga ulezi anasimama katikati, anaweka mkono chini ya tumbo, anangoja, anaendelea. Nimemwuliza nini. Amesema, "Hakuna kitu, baba, panavuta tu."

Nimekwenda kushona kibuyu. Nimekishona vibaya.

Jumamosi, 21 Februari

Daraja la miti limekwenda na maji. Sasa kwenda barabara kuu ni kuvuka kwa miguu, maji kiunoni, ukiwa mrefu.

Jumapili, 29 Februari

Naandika ya jana. Nitakwenda nayo taratibu.

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, tukaalika watu kulima matuta ya Alois. Walikuja kama thelathini. Pombe alipika Luciana, na miguu yake imevimba kama mikate. Kisha akaingia shambani na jembe kama wengine, maana mwanamke ana sehemu yake ya matuta na Luciana si mtu wa kulimiwa.

Saa tano watu wakakaa kunywa. Atusaye akapita njiani akitoka kumtazama mgonjwa. Vijana wakaanza kumchokoza, kwamba anawatisha wanawake ili apate kazi. Mmoja akasema Wanyakyusa wamezoea ndizi, hawawezi kuelewa watu wanaolima. Alois naye, kikombe mkononi, akasema kwa sauti kwamba nyumbani kwake hahitaji kusomewa na mgeni, baba yake anasoma karatasi za Kiingereza tangu wakati wa Mjerumani. Watu wakacheka, wakanitazama mimi nitie chumvi yangu kama kawaida.

Nyuma yao, Luciana alikuwa bado shambani. Niliona ameinama juu ya tuta, halafu hakuinuka. Alipiga magoti, akashika tumbo, akakaa hivyo. Hakuita mtu. Nilihesabu pumzi zangu kumi na moja kabla hajanyanyuka.

Nikasimama. Watu wakanyamaza kwa hamu, wakidhani ni hadithi. Nikasema, "Sijui Kiingereza."

Wakacheka sana. Mmoja akajipiga paja. Nikangoja wamalize. Nikasema tena, kwamba sijui, sijawahi kujua, na cheti cha Luciana sikukisoma, nilikitunga, kwa sababu nilitaka mikono yake shambani na pombe yake kikombeni. Nikawaambia cheti kinasema nini hasa: miaka miwili, hospitali, wiki nne kabla. Nikasema yule msichana mnayemcheka ndiye aliyekisoma, na kama Luciana atazaa hapa nyumbani na akafa, nitakuwa nimemwua mimi, kwa kukohoa.

Hakuna aliyejipiga paja.

Alois aliweka kikombe chini polepole, kama kina moto. Akaja mpaka karibu yangu. Yeye ni mrefu kuliko mimi siku hizi.

"Baba, nilimwita mkunga mwongo," akasema.

"Ulimwita."

"Mbele ya mke wangu."

Akaenda shambani, akachukua jembe mkononi mwa Luciana, akamshika mkono wakaondoka. Watu wakamaliza pombe kama wako msibani, wakaaga. Karatasi tatu za Kiingereza nilizowahi kuwasomea wenyewe, nadhani usiku ule zilitolewa zikatazamwa upya.

Jioni nilimwuliza Kristiana kama kuna chakula. Amesema, "Kipo. Kimeandikwa Kiingereza. Jisomee."

Jumatano, 3 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri amenipaka majivu mengi kuliko wengine, au naona mimi tu.

Jumapili, 7 Machi

Cornelia amefika kutoka Chala, kwa miguu nusu ya njia. Kavuka mto kabeba nguo zake kichwani. Amemsalimu Kristiana, kamsalimu Alois, kamsalimu mbwa. Mimi kanipita kama nguzo.

Amekaa na Atusaye wakapanga. Luciana aende mjini sasa, asingoje. Kaka yake Atusaye, Isakwisa, ni karani na anakaa Malangali, mtaa wa hukohuko mjini, ana chumba. Cornelia atakaa naye huko mpaka siku zitimie. Alois atakwenda na kurudi. Kristiana, ambaye alitaka kuzalisha kwa mikono yake, amelia kidogo, kisha akatoa blanketi letu jema.

Mimi hawakunipangia kitu.

Jumamosi, 13 Machi

Wamevuka leo. Maji yalikuwa kifuani. Luciana hawezi kutembea majini, na machela inateleza. Ndipo nikapata wazo, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili watu wakanisikiliza: kiti cha katibu. Ndicho kiti pekee kijijini chenye mikono na mgongo. Katibu alisema ni mali ya tawi. Nikamwambia amwulize mwenyekiti wa mbinguni kama tawi lake linahitaji kiti leo. Akakitoa, ila akafuata mpaka mtoni kukilinda.

Wanaume sita walimnyanyua Luciana kitini juu ya mabega. Alois mbele. Atusaye alitembea pembeni, maji shingoni maana ni mfupi, akisema, "Msiyumbe, msiyumbe." Wawili kati ya sita walikuwa wale waliomcheka shambani. Luciana alikuwa amefumba macho, mikono imeshika tumbo na si kiti. Katikati ya mto mmoja aliteleza, kiti kikainama, na wanawake wote ng'ambo wakashika vichwa. Kikasimama tena.

Mimi nilibaki huku na Beda mgongoni. Cornelia amemwacha kwetu kwa sababu mjini hakuna nafasi. Ametuachia bila kunitazama.

Jumatatu, 15 Machi

Sehemu ya Luciana shambani haijalimwa. Ukiiacha, mwaka ujao mwanamke hana ulezi wake, na asiye na ulezi wake anaomba. Nimeanza kulima. Matuta matano.

Jumanne, 16 Machi

Matuta matano.

Nimesoma tena. Yalikuwa matatu.

Ijumaa, 19 Machi

Manne, ya kweli. Wanaume wanapita wanauliza kama nimeolewa. Nawajibu nimechumbiwa.

Jumapili, 28 Machi

Mwalimu Mbonile amekuja kuuliza kwa nini siji darasani. Nimemwambia niko darasani. Beda alikuwa kachuchumaa juu ya tuta anakula udongo. Sasa ananijua. Jana alinifuata hatua sita bila kuanguka.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua imepungua. Upepo wa baridi umeanza. Hakuna habari kutoka mjini. Matuta mawili tu. Nilikuwa natazama barabara.

Jumapili, 11 Aprili

Jumapili ya Matawi. Alois amerudi.

Nilimwona akivuka mto peke yake, nikajaribu kumsoma usoni kama nilivyozoea. Sikuweza. Amekaa chini karibu na tuta nililokuwa nalima, akaanza kusimulia akitazama mbele. Hii ndiyo mara ya kwanza amenisemesha tangu ile siku.

Jumatano alfajiri Luciana aliamka na maumivu palepale kwenye kovu, wiki mbili kabla ya siku zake. Hayakuwa uchungu unaokuja na kuondoka. Yalikaa. Cornelia hakungoja chai. Kutoka Malangali mpaka hospitali walitumia muda mfupi kuliko sala ya rozari, Isakwisa akisukuma baiskeli na Luciana juu yake. Daktari alimgusa tumbo, akaita watu wake, wakamwingiza chumba cha kisu hapohapo. Baadaye alimwambia Alois kwamba kovu lilikuwa limeanza kuachia, upande mmoja umebaki mwembamba hata unaweza kuona mkono nyuma yake. Akasema kama angekuwa ng'ambo ya mto, hata tungempata punda mwenye mabawa asingefika.

Luciana amepona. Alipoteza damu nyingi. Alois alitoa yake na Isakwisa akatoa yake. Kwa hiyo mkamwana wangu sasa ana damu ya Kinyakyusa, na nilitaka kusema kitu kuhusu ndizi, nikaacha.

Mtoto alikuwa wa kike. Mdogo, alikuwa amechoka kabla hajazaliwa. Hakulia ila kama paka. Walimfunika kwa pamba na chupa za maji ya moto, sista akambatiza Bertilla. Alikaa siku moja na usiku mmoja.

Alois alipofika hapo alichukua jembe langu akalima tuta zima bila kusimama. Nikapanga majani, yeye akapindua udongo. Tulipomaliza akasema, "Amezikwa vizuri, baba. Isakwisa alitafuta mbao."

Nina mjukuu niliyempoteza kabla sijamwona. Nimekaa na kalamu muda mrefu nione kama kuna la kuchekesha. Hakuna.

Jumatano, 14 Aprili

Atusaye amekuja kunitazama mgongo. Nimemwuliza swali nililokuwa naliogopa: kama Luciana angengoja ile miaka miwili, Bertilla angekuwa hai? Amesema hakuna ajuaye, wengine hungoja na bado hupata shida, wengine hawangoji na hawapati. Lakini kungoja kunapunguza hatari, na kufika mjini mapema ndiko kulikomwokoa mama. Akasema pia daktari ameagiza safari hii ni miaka mitatu, na siku akishika mimba tu aende kwa daktari.

Nilitaka aniseme. Hajanisema. Amenikanda mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Nimemaliza matuta ya Luciana. Thelathini na nane. Nimeyahesabu mara mbili, na Beda shahidi.

Jumapili, 2 Mei

Luciana ametoka hospitali. Hakuja hapa. Amepanda lori la mahindi na mama yake kwenda Chala moja kwa moja, na ndivyo ilivyo sawa. Alois alituletea habari ya lori jana, kwa hiyo leo nimevuka mto, maji yako gotini sasa, na Beda mabegani, tukangoja barabarani tangu asubuhi.

Lori likasimama. Cornelia akashuka kumchukua Beda. Nikamsalimu. Akanijibu kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Luciana alikuwa mbele karibu na dereva, amekonda, kanga imefungwa tumboni. Nikasogea dirishani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, tena mazuri. Yakakimbia.

Yeye ndiye aliyeanza. "Baba, ile siku Chala. Kabla hujasoma cheti. Nilikwambia nesi alisema miaka miwili."

Dereva akatazama upande mwingine.

"Ulisema," nikamjibu.

"Ulisikia?"

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuwaambia watu shambani. Sikumwambia Kristiana, sikumwambia Padri, na daftari hili nimelizungusha miezi sita nisiliambie. Alisema. Alisema mara mbili, Beda akiwa mgongoni mwake, na mimi nikamwambia mbele ya mama yake kwamba maandishi ni makubwa kuliko mdomo wa nesi. Sikukosa kusoma tu. Ukweli ulikuwepo, umesemwa kwa Kifipa safi na mwenye mwili wake, nikaufunika na karatasi.

"Nilisikia," nikasema.

Hakulia, wala hakusema amenisamehe, na ningemshangaa angesema. Akauliza matuta yake ni nani aliyalima, Alois amemwambia yamekwisha. Nikasema ni mimi. Akauliza kama yamesimama au ni kama vibuyu vyangu. Nikamwambia yamesimama.

"Basi nina deni lako, baba," akasema. Lori likaondoka.

Jumapili, 9 Mei

Luciana mwanangu, ukurasa huu nitauchana na kumpa katekista anayekwenda Chala. Nimeandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, usihitaji msomaji.

Umesema una deni langu. Mbele za Mungu mimi ndiye mdaiwa, na deni langu halilipiki kwa jembe. Lakini kwa kuwa umesema mwenyewe, na kwa kuwa mgongo bado unauma, nimeamua kulidai. Ni jambo dogo.

Mimi najijua. Mwaka huu nina majuto, nimetulia kama ng'ombe aliyechapwa. Lakini mwezi wa pili utafika, majani yatasimama, Kristiana ataanza kushika kiuno, Alois atakuwa anaunguza ugali, na pombe itakuwa ile ya Kristiana. Hapo nitaanza kutafuta sababu. Nitasema Beda anatembea vya kutosha. Nitasema umenona. Pengine nitakuja mwenyewe Chala na karatasi nyingine mfukoni, na safari hii nitakuwa nimejifunza kukohoa vizuri zaidi.

Miaka mitatu, kama alivyosema daktari. Atusaye ataihesabu, si mimi.

Nilipe hivi tu, mwanangu: nikikuita, usije.